Mauaji ya Bwera Kwenye Runinga: Mkalimani Yuko Wapi?

Ningepewa mswada wa tamthilia ya mauaji yanayotokea Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, niukague kisheria, ningetazama kwanza kama mkalimani yumo. Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza. Mama anayeuza maharage soko la Mpondwe anazungumza Kikonzo, na Kiswahili kwa wateja wanaovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Akiitwa kutoa ushahidi, swali la wakili litamfikia kwa kinywa cha mtu mwingine, na jibu lake litamfikia jaji vivyo hivyo. Kwa mshtakiwa hii ni haki kamili: Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inaagiza apewe mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi.

Hapo sheria na uteuzi wa waigizaji vinakutana. Shahidi anaeleza kwa kirefu, mikono ikionyesha nani alisimama wapi. Mkalimani anatoa sentensi moja. Wakili wa utetezi, mzaliwa wa Kasese, anainuka kulalamika kwamba jibu limekatwa, na jaji anaacha kuandika. Onyesho kama hilo linabeba kipindi kizima, lakini haliigiziki na watu waliokaririshwa Kikonzo wiki iliyopita. Mtazamaji wa Bwera atacheka palipotakiwa kimya.

Waigizaji wapo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, lugha yao inasikilizana ng'ambo zote mbili za mto Lhubiriha, ulio mpakani. Wala si lazima wawe na uzoefu: mwongozaji Mira Nair alipotengeneza filamu ya Queen of Katwe, iliyotoka 2016, nafasi kuu alimpa Madina Nalwanga, binti wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla. Ila nina ombi moja: Mkonzo asiwe mshukiwa kila mara huku mpelelezi na jaji wakitoka kwingine. Katiba inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vingine au akiri mwenyewe.

Sasa makosa ya kisheria. Baraza la wananchi kumi na wawili wanaotoa hukumu ni la sinema za Marekani. Mahakama Kuu ya Uganda husikiliza kesi ya mauaji kwa jaji anayesaidiwa na wazee wa baraza, wawili au zaidi. Hao hutoa maoni tu. Jaji akiyakataa maoni ya walio wengi, ni lazima aeleze sababu katika hukumu yake. Hakimu wa chini hana mamlaka ya kusikiliza mauaji. Humsomea mshtakiwa shtaka, humwambia asijibu kitu, kisha humpeleka rumande. Kwa hiyo ile sauti ya "Sina hatia!" inayopigwa siku ya kwanza haipo kabisa.

Mshukiwa asiwekwe kituoni zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani. Mtunzi akimweka wiki nzima, basi aandike pia wakili anayelalamikia jambo hilo. Kukiri kosa akiwa mikononi mwa polisi hakupokelewi isipokuwa mbele ya hakimu au ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu. Konstebo na daftari lake hawatoshi. Mshukiwa akivuka Lhubiriha, polisi wa Uganda wanaishia ukingoni, maana kumkamata Kasindi ni kazi ya Wakongo, na kumrudisha kuna taratibu zake. Nashangaa kwamba watunzi wanauruka mto huu, wakati mpelelezi aliyesimama upande huu akimwona mtu wake upande ule ni hadithi tayari.

Kuna pia suala la muda. Mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, Charles Mumbere, alikamatwa Kasese Novemba 2016 na kushtakiwa Jinja, upande wa pili wa nchi. Mashtaka yaliondolewa Juni 2023. Tamthilia inayomaliza kesi kwa siku tatu inafuta miaka ya familia kusafiri, kukopa nauli na kusubiri, na humo ndimo uchungu wenyewe ulimo. Hata mwisho usiwe kitanzi cha lazima: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Susan Kigula, 2009, jaji ana hiari ya kutoa adhabu nyingine kwa mauaji.

Watayarishaji, kesi husikilizwa hadharani. Kabla ya kufunga mswada, ketini mahakamani Kasese pamoja na waigizaji wenu, na mmsikilize mkalimani.