HEWA UKAA YA DUKA LAKO LA MTANDAONI: IHESABU, IPUNGUZE, UBAKI NA FAIDA



Ukisikia neno hewa ukaa, picha inayokuja kichwani ni kiwanda chenye bomba refu la moshi, au viongozi wako kwenye mkutano wa tabianchi. Wewe unayeuza magauni, vyombo au juisi kwa simu unaona hayakuhusu. Leo tuliangalie jambo hili kibiashara. Hewa ukaa ya muuzaji mdogo, sehemu kubwa ni mafuta yaliyoungua, na mafuta hayo kuna mtu ameyalipia. Kama si wewe, ni mteja wako. Na mteja akiona nauli ya boda imekaribia bei ya bidhaa anakwambia "nitakucheki", na ndo imetoka hiyo.

INATOKEA WAPI?

Petroli ina kaboni ndani yake. Ikiungua kwenye injini, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani, inatoka kama gesi. Ndiyo maana lita moja ya petroli, ambayo yenyewe haifiki hata kilo moja, inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Uzito ulioongezeka ni wa oksijeni. Lita ya dizeli inatoa takriban kilo 2.7. Shika namba hizi mbili, tutazitumia.

Makampuni makubwa duniani yanahesabu kwa mwongozo unaoitwa GHG Protocol. Unagawa hewa chafu kwenye makundi matatu:

1. Unachochoma mwenyewe: jenereta yako, pikipiki yako, gesi au mkaa wa jikoni.
2. Umeme unaonunua.
3. Vyote vinavyochomwa na wengine kwa ajili ya biashara yako: boda wa kukodi, basi linalobeba mzigo wa mkoani, meli au ndege iliyoleta mzigo, kiwanda kilichotengeneza.

Kwa muuzaji wa mtandaoni, kundi la tatu ndiyo kubwa. Duka lako ni simu, taa mbili na feni, umeme wake ni mdogo. Usipoteze muda kuhangaika na chaja ya simu wakati boda anazunguka mji mzima kwa gauni moja.

Kitu kingine cha kujua: wewe nawe ni kundi la tatu la mtu mwingine. Hoteli au kampuni ikinunua kwako zawadi za wafanyakazi, moshi wako unaingia kwenye hesabu yake. Tangu Juni 2023 kuna kiwango cha kimataifa cha kuripoti, IFRS S2, kinachotaka kampuni zinazokifuata zionyeshe makundi yote matatu. Kwa hiyo usishangae siku mteja mkubwa akikuletea fomu inayouliza unasafirishaje mizigo. Mwenye majibu kwenye daftari anakaa vizuri kuliko anayebabaika.

Sasa tuingie kazini.

1. UNGANISHA MIZIGO YA NJIA MOJA

Hapa ndipo penye pesa. Tuchukue mfano wa muuzaji wa Kariakoo mwenye wateja wanne wa Mbagala ndani ya wiki, kila mmoja kaagiza siku yake. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 26, na pikipiki inatembea kilomita 40 kwa lita.

Safari nne: kilomita 104, lita 2.6, karibu kilo 6 za hewa ukaa.

Safari moja yenye vituo vinne, na kona za mitaani tufanye kilomita 34: lita 0.85, karibu kilo 2.

Umepunguza theluthi mbili, na wateja ni walewale.

Njoo kwenye hela. Tuseme safari ya mteja mmoja ni 5,000, basi safari nne ni 20,000. Safari moja ya vituo vinne mkubaliane na boda 10,000. Halafu mwambie mteja: "Ukitaka leo ni 5,000, ukisubiri siku ya Mbagala ni 3,000." Wateja wanne wakisubiri unapata 12,000. Umemlipa boda, umebaki na 2,000, na kila mteja ameokoa 2,000.

Boda naye hajaonewa. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, safari ya mteja mmoja inambakizia kama 3,000 baada ya mafuta. Hiyo ya vituo vinne inambakizia kama 7,400, na siku nyingine tatu yuko huru kubeba watu wengine. Ila mweleze vizuri kabla. Boda akihisi unamkata hela, mzigo wako utafika wa mwisho kila siku.

Jinsi ya kupanga: gawa mji kwa barabara kubwa. Kwa Dar es Salaam, siku ya Kilwa Road ni Temeke na Mbagala. Siku ya Morogoro Road ni Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi. Siku ya Bagamoyo Road ni Mwenge, Mbezi Beach mpaka Tegeta. Siku ya Nyerere Road ni Tazara, Ukonga na Gongo la Mboto. Ratiba iweke kwenye wasifu wa ukurasa wako na kwenye status. Ukiwa Mwanza, Mombasa au Nakuru, kanuni ni ileile.

2. PUNGUZA SAFARI ZA BURE

Mzigo uliokwenda ukarudi umechoma mafuta na haujaingiza kitu. Sababu zake tunazijua: mteja hapokei simu, lokesheni haieleweki, saizi siyo, rangi siyo ile ya kwenye picha.

Dawa yake:
- Piga simu asubuhi ya siku ya mzigo. Asiyepokea mara mbili, mzigo wake usubiri zamu ijayo.
- Omba lokesheni pamoja na alama ya karibu: shule, msikiti, sheli.
- Nguo zipime kwa futi ya fundi cherehani. Andika kifua, kiuno na urefu kwa sentimita. "Free size" imerudisha magauni mengi.
- Piga picha kwenye mwanga wa mchana bila kubadilisha rangi.
- Mteja mpya alipie angalau nauli ya boda kwanza.

Mambo haya hayana hata senti ya gharama, na yanapunguza moshi kuliko kubadilisha mfuko.

3. MZIGO WA CHINA: MELI AU NDEGE?

Ukilinganisha uzito uleule na umbali uleule, ndege inatoa hewa ukaa zaidi ya mara ishirini ya meli ya kontena. Na kwa mzigo wa kawaida nauli ya meli ni nafuu. Tatizo la meli ni muda, mzigo unaweza kuchukua zaidi ya mwezi.

Kwa hiyo kinachotakiwa hapa ni kupanga mapema. Bidhaa zinazouzika mwaka mzima, kama vyombo, mashuka na mabegi, ziagize kwa meli kabla stoo haijaisha. Za sikukuu hesabu miezi miwili au mitatu nyuma. Ndege ibaki kwa kitu kidogo, chepesi, chenye faida kubwa. Anayesubiri stoo iishe ndiyo aagize, kila mara atajikuta analipia ndege.

Na kama bidhaa inatengenezwa karibu, uliza bei. Vikapu, sabuni, viatu vya ngozi na batiki vipo hapahapa, na oda ya kuongezea unaipata ndani ya siku chache.

4. FRIJI NA JENERETA

Hii ni kwa wauza juisi, samaki, keki na maziwa. Gesi ya ndani ya friji nayo inaongeza joto duniani, tena sana. Angalia kibandiko nyuma ya friji. Kikiandika R134a, kilo moja ya gesi hiyo ina nguvu ya kuongeza joto sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ukaa. Yaani gramu 100 zikivuja ni kama umechoma lita 62 za petroli. Gesi hizi ndizo nchi zilizokutana Kigali mwaka 2016 zilikubaliana kuzipunguza.

Friji lenye R600a athari yake kwa joto ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Ila R600a inashika moto, kwa hiyo tafuta fundi anayeijua kazi yake. Ukinunua friji la mtumba, soma kibandiko kabla ya kulipa. Fundi anayetaka kuachia gesi ya zamani hewani mkatalie, mwenye vifaa anaivuta kwenye mtungi. Na friji ambalo kila mwezi linajazwa gesi linavuja, zibisha tundu kwanza.

Jenereta ni hesabu ya kilo 2.3 kwa lita. Kama unaiwasha kwa ajili ya taa, simu na intaneti tu, sola ndogo yenye betri inatosha kazi hiyo. Umeme wa gridi mara nyingi ni msafi kuliko jenereta. Tanzania bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115 kwa maji, na Kenya mvuke wa ardhini wa Olkaria unabeba sehemu kubwa.

5. VIFUNGASHIO

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo hapo ni sheria. Zaidi ya hapo: tumia tena maboksi yaliyokuja na mzigo wako, na usiweke herini kwenye boksi la viatu. Boksi likiwa dogo, mizigo mingi inaenea kwenye boda mmoja, na hapo unarudi kwenye namba 1.

6. DAFTARI LA SAFU NNE

Tarehe. Kilomita au lita. Yuniti za umeme. Mizigo iliyofika.

Mwisho wa mwezi zidisha lita kwa 2.3, gawanya kwa mizigo iliyofika. Kwenye mfano wetu wa Mbagala, mwanzo ilikuwa kilo 1.5 kwa kila mzigo, baada ya kuunganisha ni kilo 0.5. Hii ndiyo namba ya kufuatilia. Biashara ikikua, jumla ya lita inaweza kupanda, lakini namba ya kila mzigo ikishuka ujue unaendesha vizuri.

7. USIDANGANYE WATEJA

Ukiandika "duka rafiki wa mazingira" halafu hujabadilisha kitu, mteja mmoja tu atakuuliza kivipi, na utakosa jibu mbele za watu. Andika ulichofanya kweli: "Mizigo ya Mbagala tunaiunganisha Jumanne, ndiyo maana nauli ni 3,000." Hilo linaeleweka na linauza.

NAWEZA KUUZA HEWA UKAA?

Swali hili linaulizwa sana. Biashara ya kaboni ipo kweli, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2022. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kutunza msitu wao. Lakini miradi hiyo ina ardhi kubwa, vipimo na wakaguzi. Duka la mtandaoni halina cha kuuza huko. Mtu akikufuata WhatsApp anataka "ada ya usajili" ili duka lako lilipwe hela ya kaboni, usitume hata mia.

UANZIE WAPI?

Duka lako peke yake halitazuia mvua kufunga Jangwani. Lakini mvua ikifunga njia, wa kwanza kukwama ni sisi wa mizigo midogo, na mwenye mtaji mdogo anachelewa kuinuka. Kwa hiyo anza na kinachokulipa: wiki hii chagua njia moja tu, ipe siku yake, andika kilomita za kabla na za baada. Wiki nne zikiisha utakuwa na namba zako mwenyewe.

Mtumie muuzaji mwenzako anayelalamika kila siku kwamba nauli ya boda inamfukuzia wateja. Kazi njema.