Barua ya Chifu Haimvushi Mtoto Mpaka

Kila shule zikikaribia kufungwa, swali kuhusu mpaka wa Kenya na Uganda huwa ni lile lile, aulize mama wa Busia au baba wa Tororo: "Mimi nina kitambulisho, na mtoto nimemchukulia barua ya chifu. Si inatosha?" Upande wa Uganda barua hiyo ni ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na picha ndogo ya mtoto imebandikwa kwa gundi, muhuri ukapigwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Jibu ni hapana. Nimelitoa kwa upole na nimelitoa kwa ukali, na bado kuna atakayeuliza tena akiwa ameshakata tiketi za basi za familia nzima.

Imani hii ina chanzo chake. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Wasamia vilevile. Mtu ana shamba huku na wakwe kule. Anayevuka asubuhi kwenda soko la Sofia mjini Busia na kurejea jioni na mkungu wake wa ndizi hufahamika kwa sura, na akiulizwa sana hutoa barua ya kijijini, akaachwa apite. Hayo yakirudiwa miaka nenda miaka rudi, watu wakaamini kwamba barua ndiyo iliyowavusha. Siyo. Kilichowavusha ni uvumilivu wa afisa anayejua kwamba hawaendi mbali. Uvumilivu huo si sheria, na hausafiri nawe. Basi likisimamishwa kwenye kizuizi njiani kuelekea Bungoma au Jinja, afisa atakayepanda hamjui chifu wako, na hana sababu ya kumjua.

Hebu tuisome barua yenyewe. Inasema mbebaji ni mkazi wa kijiji fulani, anafahamika, na yeyote atakayeombwa amsaidie. Haithibitishi mtoto alizaliwa lini, wapi, na nani. Haina namba ambayo afisa anaweza kuitafuta katika daftari la serikali akaiona. Haithibitishi uraia, kwa sababu chifu hatoi uraia, wala mwenyekiti wa LC1. Hati ya kusafiria ni ahadi ya dola: huyu ni raia wangu, na mkimrudisha nitampokea. Kijiji hakiwezi kutoa ahadi hiyo hata kikigonga mihuri kumi. Na kuipeleka barua kwa wakili akaitilia kiapo hakubadilishi kitu. Kiapo kinathibitisha kwamba umeapa, basi.

"Lakini kitambulisho si kinakubalika Afrika Mashariki?" Kinakubalika kwa baadhi ya nchi, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010, ikaziachia nchi zikubaliane zenyewe kuhusu vitambulisho. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu Januari 2014 raia wake huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho hicho, kiite kipande au ndaga muntu, ni cha mwenyewe peke yake. Kenya humpa mtu akifikisha miaka 18, Uganda miaka 16. Mtoto wa miaka sita hana, na hawezi kuazima cha mama yake. Ule mtindo wa zamani wa kuandika majina ya watoto ndani ya pasipoti ya mzazi nao ulikwisha: siku hizi hata mtoto mchanga anayenyonya huwa na pasipoti yake mwenyewe.

Wengine huniambia kwamba mpaka ulifutwa Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipofungua kituo cha pamoja cha Busia. Kilichofutwa ni kusimama mara mbili. Ukitoka Kenya unayapita majengo ya Kenya, unasimama upande wa Uganda, na humo ndani wamo maafisa wa nchi zote mbili: wa Kenya anakutoa, wa Uganda anakuingiza. Ukirudi ni kinyume chake, na Malaba ni vivyo hivyo. Kituo ni kimoja, ukaguzi ni ule ule wa nchi mbili, na mtoto anakaguliwa kama msafiri kamili.

Sasa niseme linaloniudhi kuliko yote. Mzazi akiambiwa hapana, hupanda bodaboda na kumpitisha mtoto njia ya panya, kisha husimulia hadithi hiyo kama ushindi. Ushindi gani? Mtoto huyo sasa yuko katika nchi ambayo haina rekodi ya kuingia kwake. Upande wa Kenya, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamwekea anayeingia kinyume cha sheria faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Na hata asiposhtakiwa mtu, siku mtoto anapolazwa hospitalini au kuandikishwa shule, ndipo familia inapoanza kukimbia huku na huko kutafuta karatasi ambazo zingepatikana kwa utulivu nyumbani.

Baya zaidi, njia ya panya na barua ya kijijini ndizo nyenzo za wauza watoto. Wanaowachukua watoto vijijini kwenda kuwatumikisha mijini nao huja na barua yenye picha na muhuri, nao husema "ni mtoto wa dada yangu". Afisa akitazama mtoto, mtu mzima na barua, hana namna ya kumtofautisha shangazi wa kweli na mwizi. Sheria ya Kenya ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, ya 2010, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa hiyo afisa anapomhoji shangazi kwa nusu saa, anamlinda mtoto. Msaidieni.

Basi fanyeni hivi. Pata cheti cha kuzaliwa: Kenya kwa msajili wa vizazi na vifo, Uganda kwa NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, ambayo ina ofisi Tororo na Busia. Ile barua ya chifu ipelekwe huko, hasa kama mtoto hakuandikishwa mapema, huko inasaidia. Kwa cheti hicho na kitambulisho cha mzazi, omba hati ya muda ya kusafiria ya mtoto kwa uhamiaji wa nchi yako. Kama safari ni za mara kwa mara, omba pasipoti: Wakenya kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na kuna ofisi Kisumu na Eldoret, wa Tororo wana ofisi ya Mbale. Mzazi mmoja akisafiri peke yake, abebe ridhaa ya maandishi ya mwenzake pamoja na nakala ya kitambulisho na namba ya simu inayopatikana. Kama mwenzake amefariki, cheti cha kifo. Mlezi, amri ya mahakama. Chanjo ya homa ya manjano ifanywe siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, msinunue cha bandia. Mtoto anayesoma ng'ambo ya mpaka aombewe pasi ya mwanafunzi. Na mnaoendelea hadi Tanzania, nchi hiyo haikubali kitambulisho: hati ya kusafiria kwa kila mmoja, mtoto akiwemo.

Kabla ya kuondoka dirishani kwa msajili, soma cheti herufi kwa herufi: jina la mtoto, la mama, la baba, tarehe. Jina la ubatizo likiwa shuleni na la ukoo likiwa kwenye cheti, lirekebishe hapo hapo wakati daftari bado liko wazi mbele ya karani. Kosa hilo ukiligundua mpakani, hakuna wa kukurekebishia.