Alama ya Kuvunjwa: Namna Seli Inavyochagua Protini za Kuondoa

Seli, yaani chembe hai, haikomi kuunda protini, wala haikomi kuzivunja. Baadhi ya protini hudumu dakika chache tu, nyingine siku nyingi. Iliyokunjika vibaya au iliyokwisha kazi yake ikiachwa, huweza kuleta madhara. Je, seli huitambuaje protini inayopasa kuvunjwa, na kuziacha jirani zake salama?

Vimeng'enya vya tumboni huvunja protini za nyama au maharage bila kuhitaji nishati ya seli. Lakini mwaka 1953 ilionekana kwamba seli hutumia nishati kuvunja protini zake yenyewe. Fumbo hilo lilifumbuliwa kati ya 1978 na 1980 na Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa Haifa, Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, Marekani. Wakichunguza chembe changa nyekundu za damu ya sungura, walitambua kwamba nishati hutumika kubandika alama. Alama yenyewe ni protini ndogo yenye asidi amino 76, iitwayo ubikuitini. Mwaka 2004 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Vimeng'enya vya aina tatu hushirikiana katika kazi hiyo. Cha kwanza huiamsha ubikuitini kwa nishati ya ATP. Cha pili huipokea na kuibeba. Cha tatu huishika protini iliyochaguliwa ili ibandikwe. Hiki cha tatu ndicho chenye kuchagua, na binadamu ana mamia ya aina zake, kila moja na protini zake. Mara nyingi ubikuitini nne au zaidi hufuatana kama mnyororo. Hapo proteasomu, chombo chenye umbo la pipa, huikunjua protini na kuikatakata. Ubikuitini yenyewe huachwa nzima, itumike tena.

Usalama wa seli, basi, hutegemea uchaguzi huo. Aina fulani za virusi vya papiloma huunda protini iitwayo E6, ambayo hukiteka kimeng'enya kimojawapo cha aina ya tatu na kukielekeza kwenye p53, protini inayoizuia seli iliyoharibika isizidi kugawanyika. Mlinzi huyo hubandikwa alama na kuvunjwa bila kosa, na njia ya kuelekea saratani ya shingo ya kizazi hufunguka.