Na Pampu Ikifa, Tutachota Wapi?
Jinsi wanafunzi wa Msambweni walivyobuni mchezo wa ubao

Safari hii tunapenda kuwaeleza kazi iliyofanywa na kikundi cha wanafunzi wa sekondari wanaokutana nasi hapa ukumbini kila Jumamosi asubuhi. Walikuwa 11, wasichana 6 na wavulana 5, Waislamu na Wakristo. Walijipa kazi ya kubuni mchezo wao wenyewe wa ubao, wa kuchezwa mezani au mkekani, kuhusu ugonjwa wa kichocho. Vikundi vingine vya upande wa Diani na Lunga Lunga vimetuuliza jambo hili linafanywaje, basi tumeona tulieleze jinsi lilivyokwenda, pamoja na pale tulipokosea.

Kichocho si habari ngeni kwetu. Mtoto anakojoa damu, anaona haya, anamficha mamake. Wapo hata wavulana wanaodhani ati ni dalili ya kukua! Ugonjwa huu huzunguka hivi: mgonjwa anakojoa majini, mayai ya mnyoo yanaanguliwa, vijidudu vinaingia katika konokono wadogo wa maji baridi, wanazaana humo, kisha wanatoka na kupenya ngozi ya yeyote atakayeingia majini kuoga, kufua au kuchota. Ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu, na kwa wanawake hudhuru pia sehemu za uzazi. Dawa ipo, praziquantel, na huwa inagawiwa mashuleni. Lakini mtoto aliyepona akirudi katika maji yale yale anaambukizwa upya.

Wanafunzi walianza pale ambapo karibu kila mtu angeanzia. Walichukua nyoka na ngazi. Ukikojoa mtoni, nyoka anakumeza. Ukichota maji ya pampu, unapanda ngazi. Walichora vizuri sana kwenye kadibodi ya boksi la sabuni, na sisi tukawapongeza. Tena si wazo baya, maana huko Nigeria watafiti wametumia mchezo wa namna hiyo kuwafundisha watoto wa shule kuhusu kichocho.

Walipoucheza, msichana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana aliuliza, "Mwalimu, na pampu ikifa? Kwetu imekufa tangu mwezi wa Ramadhani. Mimi naenda mtoni kwa sababu sina pengine, sasa huyu nyoka ananimeza kwa kosa gani?"

Tulinyamaza. Kusema kweli, miaka yote tumekuwa tukihubiri "msiende mtoni" kama kwamba watu huenda kwa kupenda. Kumbe mchezo ule ulikuwa ukisema jambo lile lile, na haukuwa na haja ya kulisema kwa maneno. Kanuni zake zilitosha kumlaumu mtoto.

Tangu siku hiyo kazi ikawa nyingine. Tuliwaomba watazame michezo wanayoifahamu na kujiuliza, katika mchezo huu, ni nani anayeamua? Katika nyoka na ngazi mchezaji haamui kitu, dadu ndiyo inayoamua. Katika bao la kete, ambalo wazee wetu hulicheza barazani, mambo ni kinyume. Kuna mashimo 32 na kete 64, hakuna bahati hata chembe, na kila ukishika kete mkononi wewe ndiye wa kuchagua shimo. Wanafunzi walitaka mchezo wao uwe katikati: bahati kidogo, kwa sababu ugonjwa una bahati yake, lakini maamuzi yawe ya watu.

Tuliwasimulia pia habari ya Mmarekani mmoja, Elizabeth Magie, aliyepata hataza ya mchezo wake mwaka 1904. Alitaka kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kodi huku mpangaji akifilisika. Baadaye mchezo uliofanana nao, Monopoly, uliuzwa kwa wingi kuanzia mwaka 1935, na watu wakafurahia kile kile alichokuwa akikilaumu. Vijana wa Kwale, ambako mambo ya ardhi yanafahamika, hawakuhitaji maelezo zaidi.

Basi mchezo wao sasa uko hivi. Wachezaji ni wanne, kila mmoja ni nyumba moja. Katikati ya ubao kuna pampu ya mkono, na chini kuna mto. Pampu waliyoichora ni Afridev, ambayo miaka ya 1980 ilifanyiwa majaribio hapa hapa Kwale, na ikaundwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kubadilisha vipuri. Fedha ni vifuniko vya soda, na kila nyumba inaanza na 5. Kila zamu, wachezaji wananyoosha ngumi zilizofungwa juu ya kikombe, ambacho ndicho mfuko wa pampu, wanafungua pamoja, na kinachoanguka ndicho mchango. Waweza kutoa kifuniko 1, 2 au mkono mtupu. Pampu ikiharibika na kikombe kikawa na vifuniko 6, inatengenezwa. Visipofika 6, zamu inayofuata wote wanashuka mtoni. Aliyechota pampuni anapata vifuniko 2, aliyekwenda mtoni anapata 1, kwa sababu ni mbali. Mgonjwa hapati kitu.

Hapa tuzungumzie dadu kidogo. Mzazi mmoja, ambaye ni mwalimu wa madrasa, alikuja akatuambia kwa upole, "Mchezo ni mzuri, lakini dadu siitaki nyumbani mwangu." Wavulana walinuna. Lakini siku ya pili mmoja wao alileta komwe alizookota ufuoni, zile zile zinazochezewa bao, akazitia katika mfuko wa kitambaa. Komwe 10, na 3 kati yake zimetiwa doa jekundu. Ukienda mtoni unachomoa moja bila kutazama; ukipata yenye doa umeambukizwa, na unairudisha. Kisha wakagundua jambo ambalo dadu isingeliweza kamwe. Dadu haina kumbukumbu, mfuko unayo. Basi wakaweka kanuni kwamba mgonjwa akishuka mtoni kabla ya kutibiwa, anaongeza komwe nyingine yenye doa mfukoni. Kuanzia hapo mto unakuwa wa hatari kwa wote, hata kwa yule ambaye hajafanya lolote. Tumefundisha habari ya konokono kwa michoro miaka mingi, na hatujapata kuona watoto wakiielewa upesi hivyo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mshindi. Mwanzoni mshindi alikuwa mwenye vifuniko vingi. Mara ya kwanza tu, mvulana mmoja alinyoosha mkono mtupu kila zamu, pampu ikafa zamu ya nne, watatu wakaugua, yeye akabaki na vifuniko 9 akishangilia. Wengine wakasema washinde wote pamoja au washindwe pamoja. Wakajaribu, lakini mmoja mwenye sauti kubwa akawa anawaamuru wenzake, na mchezo ukadoda. Mwisho wamekubaliana hivi: baada ya zamu 10, mwenye vifuniko vingi ndiye mshindi, ila pampu ikiwa imekufa hakuna mshindi. Sasa kila mtu anajaribu kutoa kidogo iwezekanavyo bila kuiua pampu. Hivyo ndivyo tulivyo vijijini, jameni.

Kwa kikundi kitakachotaka kujaribu, msitumie fedha mapema. Huu uligharimu kadibodi, kalamu nene na vifuniko vya kuokota. Uchezeni siku ile ile mlioanza, hata ukiwa mbaya. Badilisheni kanuni moja tu kwa mara, la sivyo hamtajua ni ipi iliyoleta mabadiliko. Halafu, na hili ndilo gumu, wapeni wageni karatasi ya kanuni, nyinyi mkae kando bila kufungua mdomo. Wa kwetu walishindwa mara mbili kunyamaza. Mara ya tatu waliona wenyewe kwamba sentensi nne hazikueleweka, na kwamba mchezo ulichukua saa nzima, wakati kipindi cha shule ni dakika 40.

Mwezi uliopita tuliwapelekea akina mama wa kamati moja ya maji. Walicheza wakicheka sana. Walipomaliza, mama mmoja mtu mzima alikishika kile kikombe, akakipindua, akachungulia ndani. "Wanangu," akasema, "mchezo wenu una pampu, una mto, una ugonjwa. Mweka hazina yuko wapi?"

Jumamosi iliyofuata wanafunzi hawakucheza. Walibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri: kikombe kikae mbele ya nani, na yule atakayekaa nacho aruhusiwe kuchukua kifuniko bila wenzake kuona, au asiruhusiwe. Bado hawajakubaliana.