Nasaba ya Njia za Kirinyaga

Je, wajua ya kuwa njia ya miguu nayo ina nasaba? Ile impelekayo mtalii kutoka Naro Moru, upande wa Nyeri, hata ncha ya Lenana, yenye kimo cha mita 4,985, yadhaniwa na wengi kuwa ilizaliwa pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya mwaka 1949. Lakini malango yalipowekwa, njia zilikuwa zimekwisha kuzeeka.

Wachongaji wa kwanza walikuwa tembo na nyati, ambao, wakitafuta maji na chumvi, waliipasua mianzi na kuacha vichochoro, navyo vikafuatwa na warina asali na wawindaji wa Kikuyu, watu ambao walipoomba dua walielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, makao ya Ngai, Mungu wao. Mwaka 1887 akapanda Count Samuel Teleki wa Hungaria, na ingawa hakufika kileleni, bonde likarithi jina lake.

Ama msafara uliofika Batian, kilele cha mita 5,199, uliondoka Nairobi mwaka 1899, punde tu reli ilipowasili, ukiwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai 2 waongozaji. Halford Mackinder, kiongozi wa msafara huo, alipokanyaga jiwe la juu tarehe 13 Septemba, pamoja na wapanda milima wenzake Ollier na Brocherel, kilele kikapewa jina la laiboni wa Kimaasai, Mbatian, na kambi iliyoko katika bonde la Teleki ikaja kuitwa Mackinder; bali wale Waswahili 66, waliotoka na mizigo vichwani, hawakuachiwa jina la hata kijito.

Baadaye njia zikajifunza kuficha watu. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kitaliano, Benuzzi, Balletto na Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki, na wawili wao, Benuzzi na Balletto, wakaifikia Lenana wakiongozwa na picha ya mlima iliyokuwa katika karatasi ya kopo la nyama, kisha, baada ya siku 18, wote watatu wakarejea kifungoni kwa hiari yao. Haikupita miaka kumi, msitu ule ule ukawahifadhi wapiganaji wa Mau Mau chini ya Waruhiu Itote, Jenerali China, mzaliwa wa Nyeri, hata serikali ikawashurutisha wanavijiji kuchimba handaki ukingoni mwa msitu, ili njia za chakula zikatike. Na uhuru ulipowadia, Desemba 1963, Kisoi Munyao akaipandisha bendera mpya juu ya Lenana.

Leo, ukipita kituo cha hali ya hewa cha Naro Moru, kabla ya kulifikia bonde la Teleki, kuna mteremko wa tope ambapo alama ya mguu hujaa maji mara tu mguu unapoinuliwa. Hapo mgeni, hata awe na ramani yenye majina yote hayo, hana budi kumtazama mpagazi aliyemtangulia, anakanyaga wapi, naye akanyage papo hapo.