Lebo za dukani: Tazama megahezi kabla ya bei

Mwenye duka la nguo mjini Moshi anayetaka kufunga lango la kuzuia wizi hana budi kuuliza jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: lango na lebo zake vinatumia masafa gani ya redio? Aina kubwa sokoni ni mbili. Moja hutumia megahezi 8.2, nyingine kilohezi 58. Lebo ya aina moja ikipita kwenye lango la aina nyingine, lango hukaa kimya na shati linakwenda. Anayenunua lango lililotumika kwa bei ya kutupa, kisha akaagiza lebo kwingine bila kuuliza, amejinunulia pambo la mlangoni.

Hasara hiyo ni ya mtu mmoja. Nzito zaidi ni ya visomaji vya kuhesabia mali, vinavyosoma lebo za boksi zima bila kulifungua. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limegawa dunia katika kanda tatu. Tanzania imo kanda ya kwanza pamoja na Ulaya, Marekani imo ya pili. Visomaji vya Marekani hurusha mawimbi kati ya megahezi 902 na 928. Vya Ulaya, kati ya 865 na 868. Hapa nchini, megahezi 890 hadi 915 ni njia ambayo simu za mkononi hutumia kupeleka mawasiliano mnarani. Kisomaji cha Kimarekani kikiwashwa ghalani huingia katika sehemu ya njia hiyo, na mnara ulio karibu ndio unaoumia. Kampuni za simu zimelipia masafa hayo, mwenye ghala hakulipia kitu.

Lebo zenyewe hazina mgogoro huo. Nyingi huitika kuanzia megahezi 860 hadi 960, hivyo gunia la kahawa kutoka Moshi laweza kusomwa Hamburg na hata Seattle kwa lebo ile ile. Kinachobadilika ni kisomaji, na hicho ndicho ghali.

Wenye magari ya Kijapani wanaijua hadithi hii. Redio zake nyingi ziliishia megahezi 90, mafundi wakapata riziki ya kufunga vibadilisha masafa. Ila redio ya gari hupokea tu, haimsumbui jirani.

Kadi za megahezi 13.56 na vifaa vya gigahezi 2.4 hutumia masafa yanayokubalika karibu dunia nzima. Aidha, hereni za ng'ombe za kilohezi 134.2 zina kiwango kimoja cha kimataifa, jambo jema kwa wafugaji wa Kibosho na Marangu.

Hata hivyo, nguvu ndogo ya kifaa si ruhusa ya kukiingiza nchini. Vifaa vya mawasiliano huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyoanza kazi mwaka 2003 na yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Mnunuzi adai nakala ya idhini hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa kuwa mzigo ukishafika bandarini gharama zote ni zake.