Kitale Isiyo na Nazi: Miti ya Jamii ya Mnazi na Baridi ya Nyanda za Juu

Watu wa pwani wana majina mengi ya tunda la mnazi, kwa kadiri ya umri wake. Likiwa changa kabisa huitwa kidaka. Likikua kidogo huitwa kitale. Kisha huwa dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Mtu wa pwani asiyepata kufika bara angeweza kudhani kwamba mji wa Kitale, ulio karibu na Mlima Elgon, ni nchi ya minazi. Lakini sivyo. Mji huo husifika kwa mahindi, na mnazi upandwao huko, ijapokuwa hupendeza macho kwa miaka michache, ni nadra sana kuonekana una kidaka, sembuse kitale. Sababu kubwa ni baridi. Habari ya baridi hiyo yafaa ijulikane na kila mtu anayetaka kupamba ua wa nyumba yake, maana fedha nyingi hupotea kwa kutojua, na tena miti iliyo hai hukatwa kwa kudhaniwa kwamba imekufa.

Siku hizi, kutoka Bungoma hadi Kitale, ni jambo la kawaida kuona miti ya jamii ya mnazi imepangwa pande mbili za njia iingiayo nyumbani, au mbele ya kanisa, shule na hoteli. Wengine hununua miche kwa wauzaji walio kando ya barabara. Wengine, waliofanya kazi Mombasa miaka mingi, hurudi nyumbani na nazi iliyokwisha kuota, wakitumaini kunywa madafu chini ya Mlima Elgon. Tamaa hiyo haina ubaya. Lakini miti hii haifanani kwa tabia. Uko ule unaokufa kwa baridi ndogo, na uko ule unaovumilia hata theluji. Anayenunua kwa kutazama majani tu hununua kwa bahati nasibu.

BARIDI YA NAMNA MBILI

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kama mita 1,400. Kwa kawaida mtu akipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Kwa hiyo Bungoma huizidi Kitale joto kwa kama digrii 3. Kwa mtu mwenye blanketi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mti usimamao nje usiku na mchana, mwaka hata mwaka, ni kubwa.

Mnazi hustawi vizuri mahali ambapo wastani wa joto ni karibu digrii 27, kama ilivyo Kilifi na Kwale. Wastani ukiwa chini ya digrii 20, hukua kwa shida, na maua yake hayafanyi matunda ya maana. Wastani wa Kitale ni kama digrii 18 au 19. Basi baridi ya kwanza ndiyo hii: haiui kwa siku moja, wala haigandishi maji, lakini huudhoofisha mti polepole kama njaa. Mwenye mti huongeza mbolea na maji, akidhani kwamba kosa ni la udongo, kumbe mti wataka joto, na joto haliuzwi dukani.

Baridi ya pili ni ile ya alfajiri. Watu wengi huogopa mwezi wa Julai, kwa kuwa mchana wake una mawingu na ubaridi. Lakini mawingu hayo ni kama blanketi la ardhi: huzuia joto la udongo lisipotee usiku. Usiku wa hatari kwa mimea ni ule wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, wakati mbingu ni nyeupe, nyota zang'aa, na hakuna upepo. Hapo joto la ardhi hupaa juu bila kizuizi, na kabla ya jua kuchomoza hewa iliyo karibu na majani huwa baridi mno. Ikifika digrii 0, umande huganda, na hiyo ndiyo sakitu. Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, hata majani yakawa mekundu kama yaliyopitiwa na moto. Mjini Kitale sakitu si jambo la kawaida. Lakini mashamba ya juu, katika miteremko ya Elgon na ya Cherangany, yana sababu ya kuiogopa.

Tena ijulikane kwamba hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji. Hushuka mlimani usiku, hujaa mabondeni, na huzuiliwa na kitalu cha miti au ukuta kama maji yazuiliwavyo na boma. Kwa hiyo mti uliopandwa bondeni waweza kuungua, na mwenzake ulio juu kidogo, katika shamba lile lile, usipate dhara lolote.

MTI WENYE MOYO MMOJA

Mwembe ukikatwa tawi, huchipua mahali pengine. Mti wa jamii ya mnazi hauna uwezo huo. Kukua kwake kote hutoka mahali pamoja tu, katika kilele, ndani kabisa ya makuti, penye kichipukizi cheupe na laini ambacho wengi hukiita moyo. Moyo huo ukifa, shina zima limekufa, hata kama makuti ya nje bado ni ya kijani. Na kinyume chake ni kweli: makuti yote yaweza kukauka kwa baridi, na mti usife, madhali moyo u salama.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu huona makuti yamegeuka rangi ya udongo, hukasirika, hushika panga na kuuangusha mti. Laiti angalingoja miezi michache ya mvua, huenda angaliona kuti jipya linatoka katikati. Njia ya kujaribu ni rahisi. Lishike lile kuti changa la katikati lililosimama kama mkuki, ulivute kwa upole. Likikaa imara, uko uhai. Liking'oka mkononi na kutoa harufu ya uvundo, moyo umeanza kuoza. Hata hivyo usikate tamaa mara moja. Ondoa uozo, acha mahali pale pakauke, tia dawa ya shaba ile ile itumiwayo na wakulima wa kahawa kwa kuzuia ukungu, kisha ungoje.

Pia si kila manjano ni ya baridi. Ikiwa makuti ya chini, yaani yale ya zamani, ndiyo yanayogeuka manjano na kuwa na madoadoa, huku ya juu ni mazuri, mara nyingi mti una upungufu wa potasi au magnesi katika udongo. Kuyakata makuti hayo mapema hudhuru, kwa sababu mti ulikuwa ukinyonya chakula kilichobaki ndani yake ili kulisha yale machanga.

MAMBO YALIYOTOKEA NG'AMBO

Februari 2021 baridi kali mno ililipiga jimbo la Texas katika Marekani. Watu wa miji kama Houston walikuwa wamepanda miti mingi ya jamii hii, ya asili ya Brazil na Bara Hindi, kwa kuwa ilikuwa ikikua upesi na kupendeza. Mingi ya miti hiyo ilikufa. Lakini mti wa asili ya Texas yenyewe, uitwao sabali, ambao wengi waliudharau kwa kuwa hukua polepole, ulisalimika kwa wingi. Huko pia wataalamu waliwasihi watu wasiharakishe kukata, bali wangoje mpaka msimu wa joto, na wengi waliongoja waliona makuti mapya.

Katika Uingereza, mahali ambapo maji huganda kila mwaka, uko mti wa jamii hii unaoishi nje bustanini. Asili yake ni China, nao huitwa kwa jina la Robert Fortune, Mskoti aliyetafuta mimea ya Mashariki na kuipeleka Uingereza katikati ya karne ya 19. Mmoja wa miti hiyo ulipandwa katika bustani ya Malkia Victoria huko Osborne mwaka 1851. Shina lake limevikwa nyuzi nene kama manyoya, ambazo Wachina walizitumia kwa kamba na kwa mavazi ya mvua. Mti huo ukikomaa huweza kustahimili hata digrii 15 chini ya sifuri, lakini nchi ya joto la pwani hauipendi. Basi kila mti una kwao.

Na si baridi peke yake iamuayo. Mtende wa Waarabu hustahimili baridi kuliko mnazi, hata digrii kadhaa chini ya sifuri. Juu ya hayo, katika Kitale tende hazitarajiwi kuiva vizuri, kwa sababu zataka jua kali na hewa kavu, na Kitale ina mvua kwa miezi mingi ya mwaka. Mtu akishuka kwenda Lodwar, katika nchi ya Turkana, ndipo aonapo mitende yenye matunda, na mikoma ikisimama kandokando ya mto Turkwel. Mto huo huanzia Mlima Elgon. Maji ni ya mlima ule ule, lakini joto ni jingine, na miti ni mingine.

MKINDU, MWENYEJI WETU

Wako watakaouliza, Je, tusipande kitu? La, tupande, lakini tuanze na aliye wetu. Mkindu ni mti wa jamii hii ulio mwenyeji katika Afrika, na katika Kenya huota tangu pwani hadi nchi za juu zinazokaribia mita 3,000, hasa kandokando ya mito na mahali penye majimaji. Mji wa Makindu, katika njia ya reli ya Mombasa, hukumbusha jina lake. Baridi ya Kitale haiutishi.

Mkindu una faida nyingine ambayo mnazi hauna. Huota mashina mengi kutoka shina moja la chini, kama mgomba. Moyo mmoja ukiuawa na baridi au mdudu, mingine hubaki, na machipukizi mapya huinuka. Majani yake ndiyo ukindu wa mikeka, vikapu na mafagio, na matunda yake madogo huliwa na watoto na ndege. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mkindu ndio mbachao wetu, nasi twautupa mtoni ili tukanunue msala wa kigeni kwa bei kubwa.

Lakini mkindu nao una hatari yake, na hatari hiyo si baridi, ni panga. Kila mwaka, Jumapili ya Matawi inapokaribia, watu hushuka mitoni kukata majani kwa ajili ya maandamano ya kanisa. Akatwaye majani mawili matatu ya pembeni hapati madhara. Lakini wenye haraka hukata lile changa la katikati, kwa kuwa ni laini na zuri, na mara nyingi huujeruhi moyo. Kila kanisa lingepanda mikindu michache katika kiwanja chake, baada ya miaka kadhaa lingekuwa na matawi yake, na kingo za mito zingepumzika.

MAMBO YA KUFANYA

Anayetaka kupanda mti wa jamii hii katika ua wake na ayaangalie haya. Kwanza, aulize jina la mti na asili yake kabla ya kutoa fedha. Muuzaji asiyejua jina la mche wake hafai kuaminiwa. Pili, ajue mahali mche ulipokuzwa. Mche uliolelewa kivulini katika nchi ya joto, ukipelekwa Kitale na kupandwa siku ile ile, hushtuka. Afadhali ukae kibarazani wiki kadhaa, ukizoezwa jua na baridi kidogo kidogo. Tatu, apande mwanzo wa mvua za Machi na Aprili, ili mizizi ishike kabla ya alfajiri za kiangazi. Nne, asipande bondeni. Achague mteremko, au karibu na ukuta upigwao na jua la jioni, kwa maana ukuta hutunza joto na kulirudisha usiku. Tano, mche ukiwa mdogo na usiku ukiwa na dalili ya sakitu, aufunike kwa gunia na kulifunua asubuhi. Sita, asinyoe makuti ya kijani kwa kutafuta urembo, maana mti wenye makuti machache una chakula kichache.

Na yule aliyekwisha kupanda mnazi Kitale asiung'oe kwa hasira. Na auache uwe pambo, bila kuudai nazi. Bungoma huenda ukakua kwa nguvu zaidi kidogo, lakini huko nako ni juu mno kwa mtu kutegemea mavuno. Nazi za kupikia zitaendelea kutoka pwani kwa lori, kama mahindi ya Kitale yaendavyo pwani. Biashara hiyo ni ya haki, kwa sababu kila nchi hutoa kile ambacho jua lake laweza kukiivisha.